King Air B200 ya mtumba: unanunua saa zilizobaki, si rangi wala viti

Matangazo ya ndege za mtumba yanafanana. Picha ya kwanza ni ubavu wa ndege iliyopigwa rangi juzi, ya pili ni viti vya ngozi, ya tatu ni skrini mpya za chumba cha rubani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, tuseme 3,310/3,295. Bei halisi ya ndege imekaa hapo. Hizo ni saa ambazo injini ya kushoto na ya kulia zimekwisha kufanya tangu ovahoo ya mwisho, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya, na mtengenezaji wa injini hizo ametoa saa 3,600 kati ya ovahoo moja na nyingine. Mnunuzi aliyeipenda rangi ya ndege hii amebakiwa na saa 290 upande mmoja na 305 upande wa pili. Akiruka saa 25 kwa mwezi, baada ya mwaka mmoja hivi injini zote mbili ziko chini.

Makala hii inaeleza jinsi ya kununua ndege ya injini mbili za turbopropu, yaani turbini inayozungusha pangaboi, kwa safari za mikoani na nchi jirani. Tumeichukua Beechcraft King Air B200 kuwa mfano kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi, mafundi wanaoijua wapo, na Afrika Mashariki imeizoea. Flying Doctors wa AMREF pale Wilson, Nairobi, waliitumia kwa miaka mingi kubeba wagonjwa. Ukiielewa hii, King Air ndogo ya C90 na kubwa ya 350 hazitakupa shida, maana mambo ya kuangalia ni yale yale.

Ndege yenyewe

King Air 200 iliingia sokoni mwaka 1974, na B200 ikafuata mwaka 1981. Ina injini mbili za Pratt & Whitney Canada PT6A-42, kila moja nguvu farasi 850. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 5,670. Namba hiyo haikuwekwa kwa bahati. Kanuni nyingi za anga duniani hubadilika ndege inapovuka kilo 5,700: vifaa vya lazima vinaongezeka, na leseni za marubani zinahitaji zaidi. King Air 350 ina kilo 6,804, kwa hiyo imeshavuka mstari huo. Anayeitamani 350 kwa ajili ya viti viwili vya ziada aingize gharama hiyo kwenye hesabu yake kabla ya kuzungumza bei.

Chumba cha abiria cha B200 hujazwa hewa kwa shinikizo la hadi psi 6.5 zaidi ya hewa ya nje. Maana yake ni kwamba ndege ikiwa futi 25,000 angani, abiria anapumua kama mtu aliye karibu futi 6,000, juu kidogo tu ya Nairobi. Jambo hili linawahusu wagonjwa na wazee. Linahusu hata hali ya hewa, kwa kuwa karibu na ikweta maji huanza kuganda kwenye futi kama 16,000, na mawingu ya mvua ya masika hupanda juu zaidi ya hapo. Ndege isiyojazwa hewa inalazimika kupita ndani ya mawingu hayo au kuyazunguka. B200 mara nyingi hupita juu yake.

Kama kazi yako ni kutua viwanja vya changarawe vya mita 600 ukiwa na abiria 15, B200 si ndege yako. Tafuta Twin Otter au L-410. Hazijazwi hewa na haziendi mbali kwa haraka, lakini zilijengwa kwa kazi hiyo. Na ukiona neno B200C kwenye tangazo, hiyo ni yenye mlango mkubwa wa mizigo, ambao machela au pipa hupita bila kukunjwa. Huuzwa ghali zaidi kwa sababu hiyo.

Viti vikijaa, tangi halijai

Wauzaji husema B200 inabeba abiria wanane na inaruka zaidi ya kilomita 2,500. Yote mawili ni kweli, ila si katika safari moja.

Fanya hesabu hii kwa karatasi ya uzito ya ndege unayoitaka, usiifanye kwa brosha. Tuseme ndege tupu pamoja na vifaa vyake ina kilo 3,800. Marubani wawili ni kilo 170. Ukitoa kwenye 5,670, umebakiwa na kilo 1,700 za mafuta, watu na mizigo kwa pamoja. Matangi yote yakijaa yanachukua lita kama 2,060, ambazo ni karibu kilo 1,650. Kwa hiyo tangi likijaa zimebaki kilo 50, yaani mabegi mawili na hakuna abiria.

Sasa weka abiria saba, kila mmoja na begi lake kwa kilo 100. Hizo ni 700, na mafuta yanabaki 1,000. Saa ya kwanza, pamoja na kupanda, inakula karibu kilo 320. Saa zinazofuata ni karibu 270. Tenga kilo 350 kwa ajili ya kiwanja mbadala na akiba ya mwisho. Kilo 650 zilizobaki zinakupa saa mbili na dakika chache, umbali wa kama kilomita 1,000. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, unafika vizuri. Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama 1,075, na kwa mzigo huo hufiki. Shusha abiria mmoja na begi lake, weka kilo 100 za mafuta mahali pake, safari inawezekana. Upepo wa mbele ukiwa mkali, hesabu inaanza upya.

Angalia pia kikomo cha pili ambacho wanunuzi hukisahau: bila mafuta, ndege na vyote vilivyomo visizidi kilo 4,990. Na usiiamini karatasi ya uzito iliyokokotolewa kwa kalamu miaka ishirini iliyopita. Kila redio iliyoongezwa na kila kiti kilichobadilishwa huacha kilo zake. Omba ndege ipimwe kwenye mizani wakati wa ukaguzi. Mara nyingi huongezeka, na nadra sana kupungua.

Injini: mahali pesa zinapokaa

PT6 ni injini inayovumilia, na ndiyo sababu imeenea Afrika nzima. Hewa huingia kwa nyuma, hushindiliwa na kompresa, hugeuza mwelekeo na kuwaka na mafuta kwenye chumba cha moto, kisha gesi ya moto huzungusha turbini ya kwanza inayoendesha kompresa. Baada ya hapo gesi hiyo hiyo huzungusha turbini nyingine ambayo haijaungana na ile ya kwanza kwa chuma chochote, na hiyo ndiyo inayozungusha pangaboi. Kwa mpangilio huo fundi anaweza kuifungua injini katikati na kukagua sehemu ya moto ikiwa bado imefungwa kwenye bawa.

Kuna hesabu tatu tofauti kwenye kila injini, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ovahoo, saa 3,600. Ya pili ni ukaguzi wa sehemu ya moto, ambao kwa kawaida hufanyika katikati ya safari hiyo, saa 1,800. Ya tatu ni mizunguko ya diski na sehemu nyingine zenye umri wa kufa. Mzunguko mmoja ni kuwasha, kuruka, kutua na kuzima. Ndege iliyofanya safari za dakika ishirini ishirini inaweza kuwa na saa chache na mizunguko mingi sana. Hata kutua na kuruka tena bila kuzima injini huhesabiwa kama sehemu ya mzunguko. Diski ikifika mwisho wa mizunguko yake hutupwa, hata ikiwa inang'aa kama mpya. Hakuna mamlaka inayokubali mjadala hapo.

Kwenye ovahoo hali ni tofauti, na huu ndio mtego unaowanasa wanunuzi wengi kutoka kwetu. Marekani, mwenye ndege anayeitumia kwa safari zake binafsi halazimiki kisheria kufuata saa 3,600. Kwa hiyo utakuta B200 yenye injini za saa 4,400 tangu ovahoo, imetunzwa vizuri, inaruka kila wiki, na iko halali kabisa kule. Ukiileta Tanzania au Kenya na kuiingiza kwenye cheti cha biashara ya usafiri wa anga, programu yako ya matengenezo inapaswa kuidhinishwa na mamlaka, na injini hizo zitahesabiwa kuwa zimepitiliza. Umenunua ndege na deni la ovahoo mbili kwa siku moja. Ipo mipango maalumu iliyoidhinishwa ya kurefusha muda huo kwa ukaguzi wa mara kwa mara. Muuzaji akikuambia injini zake ziko kwenye mpango wa namna hiyo, peleka maandishi yake kwa mamlaka ya nchi yako kabla ya kulipa amana.

Thamani ya saa hizi inahesabika. Tuseme ovahoo ya injini moja umeambiwa ni dola 400,000. Gawanya kwa 3,600, kila saa ni dola 111. Ndege ya kwanza inauzwa dola milioni 1, na kila injini ina saa 3,300 tangu ovahoo. Zimebaki saa 300 mara mbili, sawa na dola 67,000 za uhai. Ndege ya pili inauzwa milioni 1.45, na kila injini ina saa 900 tu. Zimebaki 2,700 mara mbili, sawa na dola 600,000. Tofauti ya bei ni 450,000, tofauti ya uhai ni 533,000. Ile ya "ghali" ndiyo rahisi, na bado hatujahesabu wiki ambazo ile ya kwanza itakaa chini ikisubiri injini karakana, wala kodi ya injini ya kuazima.

Halafu kuna historia ya joto. Injini hii huumia zaidi inapowashwa. Rubani hubonyeza stata, husubiri kompresa ifike angalau asilimia 12 ya mzunguko wake na itulie, ndipo anafungua mafuta. Betri ikiwa dhaifu kompresa inazunguka polepole, hewa haitoshi kupooza moto, na sindano ya joto inapanda kwa kasi. Kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,000 kwa sekunde 5. Ikipita hapo, injini inapaswa kukaguliwa na jambo hilo kuandikwa kitabuni. Tatizo ni kwamba si kila rubani huandika. Ndiyo maana hatutosheki na vitabu, tunaingiza kamera ndani.

Kalenda haina huruma

Ndege iliyolala si ndege iliyotunzwa. B200 ina ukaguzi wa awamu nne, kila saa 200 awamu moja, lakini zote nne lazima zikamilike ndani ya miezi 24. Ukiruka saa 150 tu kwa mwaka, bado utafungua ndege kwa awamu zote nne kila baada ya miaka miwili. Magurudumu na miguu yake hufanyiwa ovahoo kila miaka 6 hata kama mizunguko yake haijafika. Pangaboi nazo zina miaka yake, mara nyingi 6 kulingana na mtengenezaji na modeli. Boliti zinazoshikilia mbawa hukaguliwa kila miaka 5 na hubadilishwa zikifikisha miaka 15. Chupa za oksijeni na za kuzimia moto zina tarehe za kupimwa zilizogongwa shingoni.

Chora jedwali la mambo haya kwa tarehe, kuanzia siku unayotarajia kuipokea ndege hadi miaka mitatu mbele. Utashangaa jinsi tarehe zinavyopenda kukusanyika. Wenye ndege wengi huuza pale pale miguu, pangaboi na boliti zinapokaribia kwa pamoja, na hakuna uongo wowote ndani yake. Ni haki yao kuuza, na ni kazi yako kuhesabu.

Kwenye miguu, uliza namba ya mfululizo ya ndege. Za awali hushusha magurudumu kwa mota ya umeme inayosokota vyuma, na za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hutumia haidroliki. Zote mbili zinafanya kazi, ila vipuri ni tofauti na fundi wako lazima ajue anaagiza nini.

Ukaguzi kabla ya kununua

Kanuni ya kwanza: karakana itakayokagua isiwe ile iliyokuwa ikiitunza ndege hiyo. Fundi hataandika kwa furaha kwamba kazi yake ya mwaka jana ilikuwa mbovu. Ya pili: mnunuzi ndiye anayelipia ukaguzi, na mnunuzi ndiye anayepewa ripoti. Ya tatu: mkataba useme mapema kwamba kasoro zinazoizuia ndege kuruka kihalali zitatengenezwa na muuzaji, na zile za urembo ni juu ya mnunuzi. Bila sentensi hiyo mtabishana juu ya kila skrubu.

Kwenye injini, fundi hutoa nozeli za mafuta, ziko 14 kwa kila injini, na kuingiza boreskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia, kupitia matundu yake. Anatazama vipanga vya turbini ya kwanza na mabati ya kuongozea gesi yaliyo mbele yake. Ncha ya kipanga iliyoliwa, rangi ya kuungua, ufa mwembamba kama unywele au magamba ya kijani na kijivu ni dalili za joto kali au chumvi. Mwambie akuhifadhie video, si picha mbili tatu. Kisha achuje mafuta ya kulainisha, akague sumaku ya kukamata chembe za chuma, na apeleke sampuli maabara.

Halafu injini iwashwe na kupelekwa kwenye nguvu kamili. Kwa joto la nje na mwinuko wa siku hiyo, chati hueleza injini isiyochoka inapaswa kutoa msokoto kiasi gani, yaani nguvu ya kuzungusha pangaboi, kabla ya kufika nyuzi 800, ambazo ndizo kikomo cha kazi. Injini iliyochoka hufika kikomo cha joto kabla ya kufika msokoto ulioandikwa. Hilo usilichukulie kama jambo la vitabuni. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na saa saba mchana ukiwa na abiria saba utauhitaji msokoto wote. Ukilinganisha injini mbili na moja ikawa inawaka nyuzi 40 juu ya mwenzake kwa msokoto ule ule, usiondoke pale bila jibu.

Kwenye bodi, yaani mwili wa ndege, adui ni kutu ya aluminiamu, ile nyeupe ya unga inayofura chini ya rangi. Ina mahali inapopapenda. Betri ya King Air inakaa ndani ya bawa la kulia, karibu na bodi. Ikichemka au ikimwagika, maji yake makali huteremka kwenye mabati na mihimili ya hapo, kwa hiyo sanduku lake litolewe na tochi iingie. Zulia la nyuma karibu na choo linyanyuliwe, maana maji ya choo yaliyovuja yana njia moja tu, sakafuni. Kingo za mlango, mashimo ya magurudumu na chini ya mipira ya kuvunja barafu kwenye kingo za mbawa navyo vikaguliwe. Mipira hiyo ikikaa juani hupasuka, na kiraka juu ya kiraka kinaonyesha kwamba mwenyewe alikuwa akiahirisha.

Matangi mengi ni mifuko ya mpira iliyo ndani ya mbawa. Doa la mafuta chini ya bawa si jambo la kufuta kwa kitambaa. Kuubadilisha mfuko mmoja ni kufungua paneli nyingi na kulipa saa nyingi za fundi. Vioo vya mbele hupashwa moto kwa umeme, na tabaka zake zikianza kuachana utaona mapovu au ukungu pembeni. Kioo kimoja ni gharama ya gari zuri.

Mwisho wa ukaguzi ni kuruka. Panda hadi juu, jaza hewa hadi kikomo, na tazama kama chumba kinashika. Ikiwa kinavuja, ukikaa karibu na mlango utausikia mluzi. Fanya majaribio ya rubani otomatiki kwa uzito wa kweli, ukiwa na watu, kwani ndege tupu husamehe mengi.

Vyombo vya urubani vina swali moja linalokuhusu zaidi huku kwetu: je, ndege imeidhinishwa kuruka kwenye anga la nafasi finyu (RVSM), ambako ndege hupishana kwa mwachano mdogo wa juu na chini, futi 29,000 na kuendelea? Afrika ilianza kutumia utaratibu huo tarehe 25 Septemba 2008. B200 isiyo na idhini hubaki futi 28,000 na chini. Kwa safari za Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe huo si msiba, maana safari fupi hazikupi muda wa kupanda juu sana. Usimlipe muuzaji pesa nyingi za ziada kwa idhini usiyoihitaji.

Makaratasi

Ndege bila vitabu ni chuma chakavu chenye mbawa. Vitabu vya bodi, vya kila injini na vya kila pangaboi viwepo tangu siku ya kwanza, bila pengo. Kila diski iwe na ushahidi wa kuzaliwa kwake na wa kila ndege iliyopitia. Linganisha namba zilizogongwa kwenye injini, ambazo kwa PT6 huanza na PCE, na namba zilizo kitabuni. Usilinganishe kwa picha ulizotumiwa. Mtu wako asimame pale, asome bamba kwa macho yake. Injini hubadilishwa, huazimwa, na mara nyingine ndege huuzwa ikiwa na injini ya mtu mwingine.

Hapo tunafika kwenye madeni. Mkataba wa Cape Town una daftari la kimataifa huko Dublin, ambalo benki huandika humo dhamana zao juu ya ndege. Kenya na Tanzania zimo kwenye mkataba huo. Bodi na injini huandikwa mbalimbali ikiwa injini ya turbini ina nguvu farasi 550 au zaidi, na za B200 zina 850. Kwa hiyo upekuzi wako uwe mara tatu: bodi, injini ya kushoto, injini ya kulia. Ukipekua bodi peke yake unaweza kununua ndege safi iliyofungwa injini ya benki. Kwa ndege ya Marekani, pekua pia daftari la FAA, mamlaka ya anga ya huko, lililo Oklahoma City.

Pesa zisipite mikononi mwa dalali. Tumia wakala wa amana anayeshika pesa za mnunuzi na hati ya mauzo ya muuzaji kwa wakati mmoja, akiachilia vyote viwili pale masharti yanapotimia. Kazi hii ina kampuni zake, nyingi zikiwa Oklahoma City jirani na daftari lenyewe. Amana irudishwe yote ukaguzi ukionyesha ndege haifai, na neno hilo liandikwe.

Kabla ya amana, nenda kwa mamlaka ya nchi utakakoisajili, iwe TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au UCAA ya Uganda, ukiwa na namba ya mfululizo, mwaka wa kutengenezwa na orodha ya mabadiliko yaliyofanywa kwenye ndege. Nchi kadhaa za Afrika zina ukomo wa umri kwa ndege zinazoingia, na mabadiliko yaliyoidhinishwa Marekani hayakubaliwi kila mahali bila nyaraka zake kamili. Muuzaji akutolee cheti cha ustahiki wa kuruka kwa ajili ya kusafirisha nje, na mamlaka yake ithibitishe kwa maandishi kuwa ndege imefutwa kwenye daftari lao. Ndege haiwezi kuwa na usajili wa nchi mbili, na kosa la siku moja kwenye barua hiyo linaweza kukwamisha kila kitu.

Tazama pia Afrika Kusini kabla ya Marekani. King Air zipo nyingi, karakana za Lanseria zinazijua, na safari ya kuileta ni siku mbili, bila Atlantiki. Ya Marekani huja kupitia Kanada, Greenland, Iceland na Ulaya kwa vipande vya kilomita 1,200 hivi, au hufungwa tangi la ziada ndani ya kabini kwa kibali maalumu na kuvuka kupitia Azores. Njia zote mbili zinahitaji bima ya safari hiyo na rubani aliyezoea kazi hiyo.

Ikifika

Herufi mpya za ubavuni, 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya au 5X ya Uganda, ni rangi tu. Kilichojificha ni namba za siri za ndani: msimbo wa transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na ule wa kifaa cha dharura cha megahezi 406 vyote vimebeba nchi ya zamani. Visipobadilishwa na kusajiliwa upya, ndege ikipata ajali Serengeti simu ya kwanza italia Marekani.

Marubani wapelekwe kwenye simuleta ya aina hii ya ndege, Marekani au Afrika Kusini, kabla ya kuanza kazi. B200 iliidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, lakini kwa kubeba abiria wa kulipa panga wawili tangu mwanzo, na soma bima yako inavyosema juu ya saa zao. Kwenye viwanja vya vumbi wafunzwe kufungua milango ya kuchuja hewa ya injini, ile iliyowekwa kwa ajili ya barafu, kwa sababu inazuia pia mchanga na kokoto kuingia kwenye kompresa.

Na kama ndege italala Zanzibar, Mafia, Mombasa au Dar es Salaam, anza siku ya kwanza kuosha chumvi. Injini ikishapoa, fundi hufunga hewa inayochukuliwa kutoka kwenye injini kwenda kabini, hukata mafuta na moto, na stata huizungusha injini kavu huku maji safi yakipulizwa mdomoni mwa kompresa. Stata ya B200 huruhusiwa sekunde 40, kisha hupumzika sekunde 60. Hurudiwa hivyo hadi mara tatu, halafu huachwa ipoe nusu saa. Baada ya hapo injini huwashwa ikauke. Kazi yote haizidi saa moja kwa injini mbili. Injini isiyooshwa pwani huanza na ncha za vipanga kuota magamba yale ya kijani, na ukaguzi wa sehemu ya moto uliopangwa kwa saa 1,800 hugeuka kuwa kununua seti nzima ya vipanga.